Anayejijua, Akanawe

Jumatatu, Machi 17

Mvua imeanza leo katikati ya kipindi changu cha Kidato cha Tatu. Chini ya mabati huwezi kufundisha hesabu kwa mdomo mvua ikishika. Unabaki na chaki tu. Nikafuta milinganyo, nikaandika ubaoni lile fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na mzigo wa majani ya viazi, anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi unaobeba kimoja kimoja. Wasichana wakainama wakichora mito. Mvua ilipopungua Hodo akainua mkono.

"Madam, kwani huyu mtu anapeleka chui wapi?"

Nimefundisha miaka tisa na sijawahi kuulizwa swali zuri hivyo kuhusu mto ule. Basi tumeanzisha klabu ya mafumbo, kila Jumatatu baada ya masomo. Daftari hili nimelinunua kwenye kibanda kilicho chini ya chumba changu hapa Nchiru, niandike mafumbo na jinsi wasichana wanavyoyafikiria. Najijua, nitaandika na mengine. Mtu mzima anayepanga katikati ya hosteli za wanafunzi wa chuo, muziki ukigonga ukuta, hakosi la kuandika.

Jumamosi, Machi 22

Nyumbani. Kila wikendi napanda kwetu mlimani kuwaona wazazi na mdogo wangu Kaberia, anayeendesha bodaboda na bado analala kwa mama yake bila aibu. Migomba imekolea kijani. Baba bado anapeleka ndizi zetu na za majirani sokoni Gakoromone kwa pikapu yake, ile ile iliyonipeleka shuleni nikiwa mdogo.

Leo Baba aliingia jikoni akasalimia koti. Koti la mvua la Kaberia, limening'inia mlangoni. "Umeamka, kijana?" akaliambia. Mama akadakia haraka, "Kaberia ametoka saa hii, Baba Kiende," akamwekea chai mkononi kabisa, si mezani.

Nilishukuru kwamba Mama hakung'amua. Mimi niling'amua. Baba haoni vizuri.

Mama naye amelipaka chokaa jiwe kubwa la upande wa kushoto wa kivuko ukitoka nyumbani, pale njia yetu inapopita juu ya mtaro kuingia barabarani. Nimemuuliza sababu, akasema Pasaka inakuja. Sikujua Pasaka hupokelewa kwa mawe.

Jumatatu, Machi 24

Magunia matatu: moja la njahi, yale maharagwe meusi, moja la mahindi, moja limechanganywa, na vibandiko vyote vimewekwa vibaya. Utoe punje moja tu, ujue yote. Sheila alitaka kufungua lenye kibandiko cha njahi, akabisha hadi akakasirika, kisha akaona mwenyewe kwamba lazima uanze na lile lililoandikwa mchanganyiko. Kwa kuwa kibandiko chake kinadanganya, hilo halina mchanganyiko; punje moja inalitaja, na hayo mengine mawili yanafuata. Sheila hakuniaga akitoka. Atakuwa mwanahesabu.

Alhamisi, Machi 27

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, Machi 29

Nilipanda nyuma ya pikapu juu ya ndizi, kwenda Gakoromone na wazazi. Mama amekaa mbele na Baba, dirisha limefunguliwa, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Ng'ombe wa Gitobu amefunguliwa tena, amesimama tu kwa barabara hapo kulia." Kimya kidogo. "Hao watoto wanavuka, si wavuke haraka." Kimya. "Hii shimo imekuwa kubwa, hii ya kushoto."

Mama yangu si msemaji. Ibada nzima hupita hajamgeukia jirani. Nikatambua, nimekaa juu ya mkungu, kwamba Mama ndiye macho ya gari hilo, na kwamba amekuwa hivyo muda mrefu.

Njia panda, Kaberia alikuwa ametangulia na bodaboda yake, amesimama anazungumza kwa simu. Magari yalipopungua akaondoka taratibu, taa za nyuma zikiwaka, na Baba akamfuata. Nilidhani ni bahati. Kisha nikakumbuka kwamba simu ya Kaberia imekufa tangu Jumatano.

Sokoni, Hared, anayenunua ndizi zetu, alisimama mahali pa kuegesha amevaa koti la mvua la manjano, na jua lilikuwa linawaka. "Kuja tu, Mzee Muthamia, kuja, kuja, hapo hapo," akamwelekeza Baba.

Kwa hiyo Mama anajua, Kaberia anajua, Hared anajua, mimi najua. Na kila mmoja anaficha, akiamini ni yeye peke yake aliyeona. Baba naye anaficha kwa wote.

Kwetu mtoto hamwambii mzazi kwamba amepungukiwa. Mke hamwambii mume mbele ya watoto. Mfanyabiashara hamwambii mzee. Ukihesabu wote wasioruhusiwa kusema, habaki mtu. Na hii si adabu ya kuchekwa, ndiyo iliyotulea. Lakini leo, juu ya ndizi, niliogopa kila kona.

Jumatatu, Machi 31

Fumbo la leo lilitoka kwenye sare zao, maana wote walifika wametapakaa udongo mwekundu. Nikawaambia hivi. Wasichana watatu wanatoka shambani, wote watatu wana matope kwenye paji la uso. Kila mmoja anawaona wenzake, hajioni mwenyewe. Kioo hakuna, na hawaruhusiwi kuambiana. Mama yao anasimama mlangoni anasema, "Angalau mmoja wenu ana matope usoni. Anayejijua, akanawe." Hakuna anayeondoka. Anasema tena. Hakuna. Anasema mara ya tatu, na wote watatu wanakwenda kunawa. Wamejuaje?

Walihangaika. Nikawaambia waanze na kidogo: ingekuwaje kama mwenye matope ni mmoja tu?

"Ataona wenzake ni wasafi," Sheila akasema. "Atajua ni yeye. Ataenda mara ya kwanza."

"Na wakiwa wawili?"

"Kila mmoja anaona mmoja mchafu. Anangoja aende. Asipoenda..." Sheila akagusa paji la uso wake mwenyewe. "Asipoenda ni kwa sababu ameona mwingine mchafu. Na huyo mwingine ni mimi."

Watatu ni njia hiyo hiyo, hatua moja mbele. Darasa likapiga makofi. Saa kama hizi sibadilishi kazi yangu na ya mtu.

Kisha Hodo, ambaye ni binti wa Hared na amerithi tabia ya babake ya kugeuza kila kitu aone upande wa chini, akasema, "But Madam, kila mmoja alikuwa anaona wawili wachafu already. Huyu mama amewaambia kitu walikuwa wanajua. Si angenyamaza tu?"

"Akinyamaza hawatanawa kamwe."

"Ndio nauliza. Amewaambia nini kipya?"

Nikamjibu kwamba ndivyo hoja inavyokwenda. Jibu la mwalimu aliyeishiwa. "Sawa, Madam," akasema, kwa upole wa mtu anayekuachia chenji.

Ijumaa, Aprili 4

Shule zimefungwa. Nimekwenda nyumbani na mkoba mmoja na vitabu vya kusahihisha.

Jumatano, Aprili 16

Ukungu hadi saa nne asubuhi. Tumepalilia viazi.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Baada ya ibada Baba alisimama mbele ya kina mama wa kanisa na kutangaza kwamba Jumamosi ya tarehe kumi Mei atawapeleka Embu, mtaa wa Majimbo, kumwona shangazi yetu Gladwell aliyefanyiwa upasuaji. "Wote mtaingia nyuma. Tutafika tukiimba."

Wakashangilia. Kina mama kumi na kitu, nyuma ya pikapu, kwenye miteremko na kona zote za kuelekea Embu, mvua ikinyesha, na dereva anayesalimia makoti.

Nilimtazama Mama. Alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake. Nilimtazama Kaberia. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba.

Jumapili, Aprili 27

Kesho shule. Nimeshindwa kusema kwa wiki tatu nzima, basi nimefanya jambo dogo. Nimefunga gunia jeupe jipya kwenye nguzo ya upande wa kulia wa kivuko, ili Baba aone mtaro unapoanzia. Mama akiniuliza nitasema naanika.

Jumanne, Aprili 29

Pikapu imeangukia mtaroni.

Jana asubuhi, nikiwa nagawa madaftari, Kaberia alinipigia. Walikuwa wanatoka na ndizi kwenye ukungu. Magurudumu yakakosa kivuko upande wa kulia, gari likalala ubavu. Baba hana hata mkwaruzo. Mama amevunjika kifundo cha mkono.

Nilipanda nyumbani jioni hiyo hiyo. Mama alikuwa ameketi kitandani na plasta, akiagiza kuku walishwe. Nilishuka peke yangu kwenye kivuko. Gari bado lilikuwa pale, ndizi zimemwagika. Nikasimama mahali Baba alipokuwa anatokea, nikakunja macho yangu hadi kila kitu kikawa ukungu.

Jiwe la Mama, la kushoto, halikuonekana. Mvua ilikuwa imelirushia matope likawa rangi ya udongo. Gunia langu lilionekana vizuri sana.

Nikaelewa lile jiwe lilikuwa la nini. Mama alimwekea alama, naye Baba, bila kuambiwa, akajifunza: cheupe kiwe kushoto kwako, pita kulia kwake. Jana aliona cheupe kimoja tu. Akakiweka kushoto, akapita kulia kwake. Kulia kwa gunia langu ni mtaro.

Watu wawili tuliompenda tulimsaidia kwa siri, na siri zetu mbili zikamwangusha. Kama ningemuuliza Mama kwa uzito kidogo juu ya lile jiwe, au yeye angeniambia, mkono wake ungekuwa mzima. Nimefungua gunia nikalitupa chooni. Nimeliandika hapa, lakini kwa mdomo sijasema. Naona haya.

Majirani wamejaa uani. "Ni hii mvua," wanasema. "Utelezi," Kaberia anasema. "Pole, Baba, ni mvua," nikasema na mimi.

"Ii," Baba akajibu. "Ni mvua."

Jumamosi, Mei 3

Gari limetolewa na kunyooshwa. Baba amelipanguza lote kwa mikono, polepole, kama mtu anayemwosha ng'ombe. Safari ya Embu iko pale pale. Mezani tumezungumza kuhusu bei ya mbolea, mahubiri, na mbwa wa jirani yetu Gitobu. Kuhusu mtaro hakuna aliyesema neno, hata Mama ambaye anakula kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu, Mei 5

Baada ya klabu Hodo alibaki akifuta ubao uliokwisha kufutwa.

"Madam, pole kwa Mzee wenu." Kisha, "Baba yangu huvaa ile koti ya manjano kila Saturday. Hata kukiwa na jua. Nilimuuliza ni ya nini, akanyamaza tu. Vile alinyamaza, nikajua ni kitu ya mtu mwingine."

"Ulijuaje?"

"Si nimeuliza? Angekuwa hana kitu angesema tu ni fashion."

Akaenda zake. Mimi nikakaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigusa mbao.

Alikuwa amenijibia swali lake la Machi bila kujua. Kabla hajauliza, Hared alikuwa ananyamaza kila siku na kimya chake hakikuwa na maana. Alipouliza, kimya kile kile kikawa jibu. Mama wa fumbo hawapi wasichana habari ya matope. Anachowapa ni nafasi ya kimya kuwa na maana. Kabla hajasema, wasichana kusimama tu si jambo. Baada ya kusema, kila anayesimama anasema kitu kwa kusimama kwake.

Na kwetu nani amesema? Mtaro umesema, mbele ya kijiji kizima, gari likiwa limelala ubavu. Tangu siku ile, kila "ni mvua" tunayomwambia Baba ni habari. Yeye si mjinga. Yumo mle ndani ya kimya chetu, anahesabu.

Ijumaa ni tarehe tisa. Lazima niseme.

Jumatano, Mei 7

Mvua. Nimesahihisha mitihani yote nisiwaze.

Ijumaa, Mei 9

Nilifika nyumbani saa kumi. Walikuwa verandani wanakunywa chai. Mama na plasta yake. Kaberia anasugua gambuti. Baba ameweka ufunguo wa gari mezani, karibu na chupa ya chai, anapanga kuondoka kesho saa kumi na mbili.

Niliketi, sikumimina chai. Nilijua nikimimina nitakunywa, na nikinywa nitazungumza kuhusu mbolea.

"Baba," nikasema, "kesho usiendeshe. Macho yako hayaoni. Mimi najua, Mama anajua, Kaberia anajua, Hared anajua. Na siku ile kwenye kivuko kulikuwa na gunia jeupe upande wa kulia. Nililiweka mimi."

"Kiende," Mama akasema, basi.

Kaberia aliacha kusugua. Baba alimaliza funda lake. Akarudisha kikombe, akitafuta ukingo wa meza kwa kidole kwanza, wazi wazi, bila kujificha, na nadhani hicho ndicho kilichonifanya nianze kulia.

"Najua mnajua," akasema.

"Tangu lini?" Kaberia akauliza.

"Tangu mtaro. Mimi nimevuka hapo kabla nyinyi muote meno. Nikaangusha gari, mama yenu akavunjika mkono, na hakuna mtu aliniuliza, Muthamia, ulivukaje hapo? Hata huyu." Akaelekeza kidevu kwa Mama. "Huyu nikichelewa soko ananiuliza maswali kama polisi. Hakuuliza. Kaberia hakuuliza. Kiende akatoka Nchiru mbio, akafika, hakuuliza. Kila mtu ni pole, ni mvua. Nikajiambia, hawa wangekuwa hawajui, wangeuliza."

Sijawahi kumfundisha Baba fumbo lolote.

"Sasa si ungesema, Baba," Kaberia akasema, karibu na hasira. "Ulikuwa unataka kubeba akina mama wa watu."

"Ningesema nini? Ufunguo uko kwangu na hakuna mtu ameomba. Mtu ataamka tu asubuhi aseme, haya, mimi nimeisha? Nimengoja mtu aombe. Kila siku nikikaa hapa naweka huu ufunguo kwa meza. Hamkuona naweka kwa meza? Siku zote hukaa kwa mfuko."

Hatukuwa tumeona. Sisi wenye macho.

Akausukuma ufunguo juu ya meza hadi ukagusa mkono wangu. Mimi ni kifungua mimba, nina jina la mama yake, kama desturi yetu ilivyo, na akifurahi huniita mama. Leo hakuwa na furaha.

"Hawa wengine ni bibi na mtoto, hawangeweza," akasema. "Nilijua atakuwa huyu. Mama yangu ndiye alikuwa ananiambia nikanawe."

Sikuwa nimemsimulia fumbo, naapa. Alikuwa anamkumbuka mama yake tu.

Mama akanigeukia, plasta kifuani.

"Kwa hivyo ni wewe ulinivunja mkono."

"Mama, na wewe mbona hukuniambia hilo jiwe ni la nini?"

"Ningekuambia aje na ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua!"

"Sasa mimi ningejuaje unajua?"

Baba ndiye aliyeanza kucheka.

Jumamosi, Mei 10

Hared alimtuma mpwa wake Sahal atuendeshee. Baba alikaa mbele. Kina mama waliimba hadi Majimbo, na shangazi Gladwell alilia alipowaona. Kanisa zima sasa linajua, maana Baba aliwaambia mwenyewe kabla ya kupanda, kwa sauti ya kutangaza matanga. "Macho yangu yamekataa. Huyu kijana anaona." Mama Gitobu akasema, "Tulikuwa tunajua, Mzee." Walikuwa wamepanga kupanda hivyo hivyo. Hilo nitalifikiria maisha yangu yote.

Jumatatu, Mei 12

Nimemjibu Hodo mbele ya wote. Nimewaambia kwamba mimi nikijua, wewe ukijua, na yule akijua, bado si kitu kimoja na sisi kujua. Sheila akauliza kama itakuwa kwenye mtihani.

Alhamisi, Mei 22

Kliniki ya macho. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, daktari amesema, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, kila siku, bila kuruka. Akauliza mbona tumechelewa. Tulikuwa wanne mle chumbani na kila mtu aliangalia ukuta wake. Kisha Baba akasema, "Tulikuwa na adabu, daktari." Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikafanya yote mawili ndani ya leso moja.

Jumamosi, Mei 31

Mvua imekonda, umebaki ukungu. Najifunza kuendesha. Kaberia alikataa, anasema magurudumu manne ni ya wazee. Mama amekaa nyuma, anasali kwa sauti makusudi nisikie. Baba yuko kando yangu, anasikiliza injini. Masikio yake ni ya ajabu. Nikikosea gia hukunja uso kabla gari halijalia.

Tulifika kwenye kivuko. Jiwe la Mama lilikuwa limekwisha kuondolewa, gunia nilikwisha kulitupa, na mbele yangu kulikuwa na weupe mtupu wa ukungu.

"Unaona nini, mama?" Baba akauliza.

Nilitaka kusema naona. Ulimi ulikuwa tayari, ndivyo tulivyozoea katika nyumba hii.

"Sioni kitu, Baba."

"Haya, simama. Shuka uangalie."

Nikavuta breki, nikashuka.